Niacheni na Perpetua wangu! Mtoto hata hajatungwa mimba, mmeshaanza kumbadilishia jina

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Mimi na mume wangu bado hatujajaliwa mtoto, ila tulishakubaliana kitambo kwamba tukipata binti ataitwa Perpetua. Tukalitaja mbele ya ndugu, na tangu hapo sina amani.

Shangazi alinishika mkono kwa huruma, kama ananipa pole ya msiba: "Mwanangu, hilo jina lina mvi. Utamzeesha mtoto kabla hajaota meno." Wifi yangu ndiye kapitiliza. Kafungua orodha kwenye simu, majina yenye y mbili na h isiyotamkwa, anayasoma moja moja mbele ya watu huku ananikodolea macho aone lipi litanigusa. Nilipoyakataa yote akasema basi, sisi tutamwita Pepi. Yaani mtoto hayupo duniani, tayari ana jina la kufichia jina lake!

Hivi mnajua Perpetua alikuwa nani? Alikuwa mama kijana wa miaka kama 22, Mwafrika wa Kaskazini, aliyeuawa Karthago, Tunisia ya leo, tarehe 7 Machi mwaka 203. Alifungwa akiwa ananyonyesha. Gerezani akaandika mwenyewe yaliyompata, na maandishi yale yapo hadi leo, kati ya ya kale kabisa tuliyonayo ya mwanamke Mkristo. Anasimulia jinsi baba yake alivyokuja kumbembeleza aikane imani. Perpetua akamwonyesha baba mtungi uliokuwa pale, akamuuliza kama unaweza kuitwa kitu kingine tofauti na ulivyo. Baba akasema hapana. Basi na mimi, akamjibu, siwezi kujiita kingine, mimi ni Mkristo. Mwanamke wa namna hiyo ndiye mnataka jina lake nilifiche nyuma ya Pepi?

Wakatoliki wenzangu ndio wananiuma zaidi. Jina hili limo kwenye Sala ya Ekaristi ya Kwanza, padri analitamka altareni pamoja na Felisita, Agata, Lusia, Agnes, Sesilia na Anastasia. Mnalisikia mmepiga magoti, halafu mkitoka nje linakuwa la kuchekesha?

Eti atachekwa shuleni. Watoto hucheka kile walichosikia kikichekwa nyumbani. Na Perpetua linaandikwa kama linavyosikika. Hayo ya y mbili, kila ofisi atakayoingia mtoto wa watu atasimama akiyataja herufi kwa herufi.

Kama hoja ni fasheni, fasheni nayo huzunguka. Emma lilikuwa jina la 3 kwa wasichana Marekani mwaka 1880, likaporomoka hadi likaonekana la mabibi, kisha likashika namba 1 mwaka 2008, na tena kuanzia 2014 hadi 2018. Sikulichagua Perpetua nikisubiri lije lipendwe na wengi, lakini msinidanganye kwamba jina likishakuwa la zamani ndiyo basi tena.

Halafu kuna jambo hamlifikirii kabisa. Wenye majina haya wako hai, tunakaa nao sebuleni! Bibi yake mume wangu anaitwa Skolastika. Siku wifi anasoma orodha yake, bibi alikuwa hapo hapo pembeni, mikono mapajani, anasikiliza watu wazima wakicheka "majina ya kizee". Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama. Mimi niliona aibu kwa niaba yao wote, na hasira hiyo haijanitoka hadi leo.

Kwa hiyo orodha sitaki, na Pepi sitaki. Mume wangu tuko pamoja, ameshawaambia dada zake hivyo hivyo na wamemnunia. Nyie mnaoitwa Perpetua, Skolastika, Gaudensia, Bernadeta, njooni mniambie mmeishije na majina yenu. Na mlio wazazi, ndugu waliposhikilia kumwita mtoto jina lao badala ya mliloandikisha, mliwakomeshaje?