Naomba ushauri: kiraka cha keneli kilichorudishwa kwenye toleo la zamani

Wakuu, habari za jioni.

Kazini tunatunza wenyewe keneli (kiini cha mfumo) ya Linux 5.10. Mwenzangu ameleta kiraka (marekebisho ya msimbo) kutoka toleo jipya, kile cha somaxconn, ukomo wa foleni ya miunganisho inayosubiri programu iliyoita listen(). Tatizo lenyewe mnalijua: mtu akibadilisha thamani kwenye /proc/sys/net/core/somaxconn wakati programu inaita listen(), keneli inaweza kusoma thamani mbili tofauti. Kiraka kiligoma kuingia, akakiweka kwa mkono. Nimefupisha majina; backlog ni urefu wa foleni ambao programu imeomba, na READ_ONCE inailazimisha kompaila (programu inayotafsiri msimbo) isome kumbukumbu mara moja tu kila inapoitwa:

if (backlog > READ_ONCE(somaxconn))
    backlog = READ_ONCE(somaxconn);

Kinajengeka bila onyo lolote. Natakiwa kuidhinisha kesho asubuhi na roho haijatulia.

Fundi_Keneli:
Usiidhinishe, mkuu. Hapo mmeagiza wenyewe isomwe mara mbili. Chukua programu iliyoomba foleni ya 1000. Usomaji wa kwanza unakuta 128, sharti linapita. Papo hapo msimamizi anaandika 4096. Usomaji wa pili unaleta 4096, na programu inapewa foleni kubwa mara nne ya iliyoomba. Soma mara moja, hifadhi kwenye kigeu (variable) cha ndani, kisha tumia hicho tu.

Mleta uzi:
Kigeu kilikuwepo tangu zamani, amekiondoa kupunguza mistari. Nikikirudisha bila READ_ONCE?

Fundi_Keneli:
Hapana. Bila READ_ONCE kompaila ina ruhusa ya kukitupa hicho kigeu na kurudi kusoma kumbukumbu upya. Leo haifanyi hivyo, ukibadilisha toleo la GCC, yaani kompaila yenyewe, hujui. Vyote viwili vinahitajika.

Bi_Mtandao:
Kaka, msisahau upande wa kuandika. Somaxconn huandikwa kupitia fankshini ya proc_dointvec_minmax, nayo ilirekebishwa Julai 2022 ndani ya kernel/sysctl.c. Kama hamna hiyo, mmefunga mlango mmoja tu. Halafu linganisha kiraka chenu na cha asili kwa git range-diff, amri ya kulinganisha matoleo mawili ya viraka. Mstari uliopotea utauona palepale. Na mwambie aandike kwenye maelezo namba ya komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye git) ya asili na alichobadilisha kwa mkono. Atakayekuja baada yenu atakitegemea hicho.

Mleta uzi:
Ahsanteni sana. Nimefungua kernel/sysctl.c yetu sasa hivi: WRITE_ONCE, mwenzake wa READ_ONCE upande wa kuandika, haimo kwenye do_proc_dointvec_minmax_conv, ambayo proc_dointvec_minmax huitumia kuandika. Namrudishia kiraka, na hicho cha pili tutakileta kwanza.