Programu ya kuita tuktuk Mombasa: ikufikishe mlangoni au ikushushe steji?

FundiWaTudor
Waungwana, naomba mawazo. Mimi na wenzangu wawili twatengeneza programu ya kuita tuktuk na gari hapa Mombasa, na sitaki iwe nyingine ya kugombania abiria na matatu. Mtu akiwa ndani kabisa Mshomoroni na yuwaenda Posta, imwitie tuktuk ya kumtoa hadi barabarani, imwambie apande matatu ipi, na nauli yote aione kabla hajatoka nyumbani. Safari ya gari moja kwa moja tuifiche saa ambazo matatu zipo. Nairobi waliwahi kuchora njia zote za matatu kwa simu, nafikiri 2014, kazi ya chuo kimoja cha Marekani, hata zikaingia kwenye ramani za Google. Sisi tutaanza na Mtwapa, Bamburi, Kisauni, Magongo, halafu ya Feri, pale kivukoni pa kwenda Likoni. Hiyo ya Feri ni rahisi kwa sababu matatu zaishia pale, na baada ya hapo hakuna kitu cha kuunganisha. Swali: ni haki kumficha abiria safari ya moja kwa moja?

AbiriaWaBamburi
Si haki. Nikiwa na mtoto ana homa saa tano usiku, wewe na simu yako mwajuaje kwamba naweza kungoja steji? Nionesheni zote mbili na bei zake, nitachagua mwenyewe.

NahodhaMtongwe
"Baada ya hapo hakuna kitu." Ndugu, ushawahi kuvuka? Ukishuka feri upande wa Likoni zipo matatu za Ukunda, za Msambweni, za Lunga Lunga hadi karibu na mpaka wa Tanzania. Zipo za Shika Adabu na za Mtongwe. Tuktuk na boda zimejaa hadi pa kukanyaga hupati. Kila alfajiri maelfu ya watu waja kuwafungulia maduka, kuwapikia na kuwajengea, na jioni hao, warudi kwao. Sisi kwetu ndipo mwanzo wa safari.

FundiWaTudor
Samahani, nililisema vibaya. Nilikusudia kwamba bado hatuna madereva upande wa pili.

NahodhaMtongwe
"Upande wa pili" tena! Upande wa pili wa nani? Hebu n'kwambie madhara ya fikra hiyo. Ramadhani iliyopita nilimtoa mama mkwe hospitali Ukunda, matatu ikatushusha Likoni usiku, twataka gari la kutufikisha Mtongwe. Nikaita kwenye programu mojawapo. Ikasema dereva yuko dakika nne. Namtazama kwenye ramani, yuko Mbaraki, kule Kisiwani! Kati yetu ni maji, kama nusu kilomita. Programu imepima moja kwa moja kama vile gari ni kunguru. Maskini yule dereva alikuwa apige foleni ya feri, alipie gari kuvuka, ndipo anifikie. Akaghairi. Wa pili akaghairi. Wa tatu nilighairi mimi, nikakatwa pesa ya kughairi. Mama mkwe amekaa juu ya begi lake muda wote huo. Hiyo ndiyo "rahisi" yako.

KisiwaniDaima
Kila ukizungumzwa usafiri lazima watu wa Likoni waje kulia. Hamieni mjini yaishe.

BintiShikaAdabu
Tuhamie wapi, kwa kodi gani? Wewe wala hujui unachokisema. Feri ya Mtongwe ilipozama mwaka 95 ama 96 mtaa wetu mzima ulikuwa na matanga. Nilikuwa mdogo lakini vilio vile navisikia mpaka leo. Watu walikuwa wakienda kazini huko mjini kwenu. Usituambie twalia.

MwalimuChangamwe
Ilikuwa tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, na waliokufa walikuwa 272. Naiandika tarehe kwa sababu inastahili kukumbukwa sawasawa. KisiwaniDaima, liondoe neno lako.

KisiwaniDaima
Nimeliondoa, na Mungu awarehemu. Lakini mimi sikutaja msiba, nilizungumzia usafiri. Tena kwa kuwa mmeniandama, semeni na hili: makanga wa huko ndio wanaopandisha nauli tone la kwanza la mvua likidondoka. Hilo nalo limeletwa na Kisiwani?

KondaKisauni
Nilikuwa nasoma kimya, sasa umenigusa. Makanga wa huko, wa huku, sote tuna hesabu ya mwenye gari, pesa anayotaka kila siku. Mvua ikinyesha barabara yajaa maji, safari sita zawa tatu, na hesabu haipungui hata shilingi. Petroli ni yangu, kamagera wa steji, yule anayetuitia abiria, ni wangu, nikizozana na askari ni juu yangu. Nikiongeza ishirini naitwa mwizi. Hizo programu mvua ikinyesha zaongeza mara mbili, na mtu alipa kimya kwa sababu imeandikwa kwenye kioo! Na dereva wenu yule akatwa robo nzima ya pesa.

AbiriaWaBamburi
Mimi silipi kimya. Lakini programu huniambia bei kabla sijapanda. Wewe huniambia tukishafika Nyali, mlango umefungwa.

KondaKisauni
Mimi? Mimi mlango wangu haufungiki tangu mwaka jana. Na nauli natangaza steji, muulize yeyote anayepanda gari letu.

TuktukBondeni
Konda, robo ilikuwa zamani. Kanuni za serikali za 2022 zaweka ukomo wa asilimia 18. Hata hivyo haitushibishi, na hapa ndipo mpango wa Fundi wanitia hofu. Wataka nimtoe mtu ndani ya Mshomoroni hadi barabarani, shilingi ngapi hiyo? Nikimshusha steji narudi ndani mtupu kutafuta mwingine. Safari ndefu ya kwenda mjini ndiyo hulipa mkopo wa chombo, na wewe ndiyo waificha. Haki ya abiria imeshatajwa hapo juu. Yangu hamjaitaja.

FundiWaTudor
Ni kweli, hilo sikulipigia hesabu. Tulifikiria kukuongezea kitu kidogo kwa kila safari ya steji.

TuktukBondeni
Kitoke wapi? Mkiishiwa na pesa za wafadhili mtakiondoa. Angalia tunavyofanya tayari: tuktuk za njia hubeba watu watatu, kila mmoja na nauli yake, na haitoki mpaka ijae. Kwenda watatu, kurudi watatu. Programu yako inikusanyie watatu wa mtaa mmoja wanaokwenda steji moja ndani ya dakika kumi, hapo nitakuelewa. Mmoja mmoja sitaki.

MwalimuChangamwe
Hilo la watatu ndilo wazo la maana tangu tuanze, na naona limepita bila mtu kulishika. Ule mradi wa Nairobi, kwa faida ya Fundi, haukuwa wa Marekani peke yao. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwemo pamoja na MIT na Columbia. Na Helsinki ilikuwepo programu ya Whim, tangu 2016: walipa kwa mwezi, wapanda tramu, teksi, baiskeli, yote humohumo. Kampuni yake ikafilisika 2024. Kule tiketi za tramu huuzwa na mamlaka moja ya umma. Hapa makubaliano utaandikiana na nani, wakati kila matatu ina mwenyewe?

KondaKisauni
Akubaliane nasi! 2014 serikali ilileta kadi za nauli. Sisi hatukuulizwa. Pesa ya kadi yaenda moja kwa moja kwa mwenye gari au chama chake, na mimi saa nne asubuhi nataka petroli, nitainunua na nini? Kadi zikafa. Si kwamba makanga hajui mtandao, M-Pesa napokea kila siku. Ingieni na njia ya kunifikishia pesa mkononi siku ileile, nitawaelekeza abiria wenu hadi kiti.

KisiwaniDaima
Na ile nauli ya mvua je?

BintiShikaAdabu
Wewe bado upo?

FundiWaTudor
Nimeandika yote. Tumekaa jana usiku tukabadilisha jambo moja kwanza: mkondo wa Likoni sasa ni ukuta kwenye programu. Dereva wa Kisiwani haoni mwito wa Likoni, wala wa Likoni haoni wa Kisiwani. Mwenye kuvuka tunampa safari mbili: tuktuk hadi lango la feri, avuke kwa miguu bila malipo, na dereva wa pili aitwe akishapanda feri, si kabla. Feri ikichelewa, kungoja kusihesabiwe kwa abiria. Mwenye mgonjwa au mzigo wa kuvuka na gari atachagua mwenyewe, na ataoneshwa pia kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, bila feri, na bei yake. Safari ya moja kwa moja haitafichwa tena, itakuwa ya pili kwenye orodha. Ya watatu watatu bado twaipigia hesabu, TuktukBondeni naomba tuonane.

TuktukBondeni
Niko Mwembe Tayari kila siku baada ya Adhuhuri. Njoo na hesabu iliyoandikwa.

NahodhaMtongwe
Kungoja kusihesabiwe kwa abiria, sawa. Kuhesabiwe kwa nani? Kwa dereva wa Likoni aliyeitwa na feri bado imekwama katikati? Ukitaka kuijaribu usiijaribu Jumapili mchana. Njoo saa kumi na moja alfajiri, siku ya kazi, mvua inanyesha. Nitakungoja kwenye lango la Likoni.

FundiWaTudor
Nitakuja Jumatatu.

KondaKisauni
Mpite Kisauni mnichukue. Hilo la mvua nataka kuliona kwa macho yangu mtaliandikia bei gani.