Nianze na kanda za VHS au mafaili? Vipindi vya zamani vya chemsha bongo vya Marekani

Mdau_Ohio: Habari zenu wakuu. Nataka kuanza kukusanya vipindi vya zamani vya chemsha bongo vya televisheni za Marekani, kwa kubadilishana. Mzee mmoja jirani ana boksi la kanda za VHS, na mtu mwingine atanipa mafaili kwenye diski. Natakiwa kuamua kabla ya Jumamosi. Nichukue lipi?

Kasuku76: Mbona hujasema wewe una nini cha kutoa? Huu mchezo ni nipe nikupe. Na hizo kanda zimerekodiwa kwa kasi gani? Kanda ya T-120 kwa SP (kasi ya kawaida) inabeba saa 2, kwa EP (kasi ndogo) saa 6, lakini picha ya EP hafifu sana.

Mama_Nasra: Deki je, unayo? Mimi niko Mombasa. Dada aliniletea kanda tano za NTSC (mfumo wa picha wa Marekani) kutoka huko, deki yangu ya PAL (mfumo wa huku kwetu) ikatoa picha inayoruka tu.

Mdau_Ohio: Deki ninayo, ya huku huku Marekani. Cha kutoa bado sina, labda kanda tupu na gharama ya posta.

Fundi_Deki: Chukua mafaili! Mimi niliwahi kutoa kanda kumi safi za kipindi cha Match Game, nikaletewa boksi la nakala ya nakala ya nakala. Alama za washindani hazisomeki, rangi zimemwagikia nyuso. Kanda ya tatu ilikuwa na unga mweupe ukingoni mwa utepe, sikuuona. Dakika mbili tu, chenga skrini nzima. Nikafungua deki, nikasafisha vichwa kwa spiriti usiku kucha. Kumbe kuvu ilishahamia kwenye kanda zangu mbili nzuri. Hadi leo inaniuma.

Babu_Tivii: Pole sana, lakini mafaili mengi ni marudio yaliyorekodiwa baada ya chaneli ya Game Show Network kuanza, Desemba 1994. Kanda iliyorekodiwa siku yenyewe ina hadi matangazo ya sabuni ya wakati ule. Hiyo ndiyo mali.

Kasuku76: Siku yenyewe ya lini? Kipindi cha Jeopardy! cha mtangazaji Art Fleming pale NBC, 1964 hadi 1975, kanda zake nyingi zilifutwa ili zitumike tena. Na VHS iliingia Marekani 1977, kwa hiyo hicho hakuna aliyekirekodi kwa VHS siku yenyewe.

Mama_Nasra: Na yule mshindani Larson wa kipindi cha Press Your Luck cha CBS, 1984, aliyeondoka na dola 110,237, si aliiba?

Babu_Tivii: Aliiba nini, mama? Alirekodi kipindi nyumbani kwake, akakariri mizunguko ya taa za ubao wa zawadi. CBS wenyewe walimlipa.

Kasuku76: Walimlipa kwa sababu kanuni haikumkataza. Mimi bado naona hakuwatendea haki wale washindani wawili.

Babu_Tivii: Haki gani? Ubao ule ule walikuwa nao wote!

Fundi_Deki: Mdau, kanda za mzee zina lebo?

Mdau_Ohio: Niliona moja tu, kalamu imefifia: "Pyramid 86", nacho ni kipindi cha chemsha bongo. Jumamosi naenda na tochi.

Fundi_Deki: Inua kifuniko cha mbele, mulika ukingo wa utepe. Ukiona unga, usiiingize kwenye deki.