Natafuta njia za kukimbia Lushoto: milima na vijiji vya zamani. Naombeni ushauri

Mbio za Mbagala

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwanamke, miaka 34, naishi Dar, nakimbia mwaka wa nne huu. Nusu marathoni nimemaliza tatu, moja ya Moshi na mbili za hapa mjini, muda wangu mzuri saa 2 na dakika 4. Mwezi wa saba nina likizo ya siku nne, na nimeamua mwaka huu siendi kulala ufukweni, napanda Lushoto.

Nataka kukimbia kilomita kama 18 kwa siku, siku tatu mfululizo, na kila siku nipite kijiji chenye historia yake. Majina niliyonayo ni Vuga, Mlalo na Mtae. Maswali yangu: nianzie wapi? Ni salama kukimbia peke yangu? Na nifanyeje mazoezi, maana huku kwetu mlima mrefu kuliko yote ni ngazi za kuvukia barabara ya mwendokasi.

Goti Bovu

Kilomita 18 mara tatu Usambara? Dada, ufukweni kumekukosea nini?

Kwetu Soni

Karibu kwetu. Mimi nimezaliwa huko, na shule ya msingi nilikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, kwa hiyo nikikwambia kitu usidhani nakutisha.

Kwanza futa hiyo 18. Mlimani hesabu saa, usihesabu kilomita. Mombo pale chini uko chini ya meta 500 kutoka usawa wa bahari, Lushoto mjini uko karibu meta 1,400, na barabara inayounganisha ni kilomita 33 hivi za kona tupu. Hiyo ni lami iliyochongwa ili magari yaweze kupanda. Njia za miguu hazikuchongwa kwa ajili ya mtu yeyote, zinapanda moja kwa moja kama ngazi. Jipe saa mbili na nusu kwa siku. Pa kutembea, tembea; wenyeji wenyewe wanatembea, hakuna atakayekucheka.

Vuga anzia Soni, mji mdogo ulio njiani kati ya Mombo na Lushoto. Shika barabara ya Bumbuli, halafu uliza pa kuchepukia. Kwenda na kurudi ni asubuhi nzima. Ndiko yalikokuwa makao ya Wakilindi, watawala wa Usambaa. Wazee wanasimulia kwamba Mbegha alikuwa mwindaji wa nguruwe, akatokea Unguu, akawa anawagawia watu nyama, na akaua simba. Wakamkabidhi nchi, na tangu hapo mtawala akaitwa Simba Mwene. Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alitawala kutoka hapo Vuga hadi watu wa pwani wakawa wanamtambua. Mmisionari Krapf alipanda kwenda kumwona mwaka 1848, akarudi tena 1852.

Lakini usiende ukitegemea kasri. Nyumba za Vuga ya zamani zilikuwa za miti na nyasi. Utakuta mgongo wa mlima, migomba, misheni ya Kilutheri na watu wanaendelea na shughuli zao. Simama tu pale juu uangalie mabonde yanavyoanguka pande zote, utaelewa mwenyewe kwa nini mtawala alichagua kukaa hapo.

Angalizo la mwisho kwa leo: ukiuliza "ni mbali?" ukajibiwa "ni hapo tu", kunywa maji kwanza.

Goti Bovu

Hiyo ya "hapo tu" ilinipata. Vilima viwili na mto katikati.

Mzee wa Lapu

Naunga mkono ya Soni ila siku ya kwanza isiwe Vuga. Umetoka Dar usawa wa bahari, umekaa kwenye basi siku nzima, kesho yake unapanda mlima? Siku ya kwanza nenda Irente. Kutoka Lushoto mjini ni njia fupi, inapita mashambani, na ukifika unasimama ukingoni mwa jabali.

Mimi nilifika pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kumejaa ukungu mweupe, sioni hata viatu vyangu. Nikakaa juu ya jiwe nakula ndizi, nimeshakasirika. Ukaja upepo, ukungu ukapasuka kama pazia, chini kabisa nikaona uwanda wa Mazinde, mistari ya mkonge imenyooka kama imepigwa rula, na lori moja kwenye barabara ya Moshi dogo kuliko sisimizi. Dakika tano hivi, pakafunga tena. Kwa hiyo usigeuze haraka.

Wakati wa kurudi pitia shamba la Irente, wanauza mkate, jibini na jemu. Mimi mbio zangu ziliishia hapo, sitaki kudanganya.

Mbio za Mbagala

Ahsanteni sana. Mtae je? Picha zake ndizo zilizonitoa nyumbani. Naweza kukimbia kutoka Lushoto hadi huko?

Kwetu Soni

Hapana dada. Mtae ni mwisho wa milima upande wa kaskazini, panda gari. Gari za kurudi zinaondoka alfajiri sana, kwa hiyo lala huko huko. Kijiji chenyewe kimekaa juu ya ukingo, nyumba zimepangana mgongoni mwa mlima, na chini yake ni nyika ya Mkomazi. Hewa ikiwa safi Kilimanjaro unauona. Ukimbie jioni kutoka Mtae kuelekea kijiji jirani cha Mambo na kurudi, jua linapozama upande wa nyika. Inatosha.

Mlalo ni habari nyingine. Uko bondeni, mto Umba unapita, na kuna nyumba za ghorofa moja zenye roshani za mbao ambazo hutaziona kwingine Usambara. Wamisionari wa Kijerumani walianza kituo chao hapo mwaka 1891. Mimi nisingekimbia Mlalo, ningetembea taratibu shingo juu. Kuna vitu vinapotea ukivipita mbio.

Mama Wawili

Mimi nijibu la usalama, maana naona wanaume wamelipita. Nilikimbia huko peke yangu mara mbili na hakuna aliyenigusa. Kilichonipata ni watoto. Saa moja kasoro asubuhi wanakwenda shule, ukipita wanaungana na wewe, wamevaa kandambili, daftari limechomekwa kwenye sweta, na wanakuacha kwenye mpando huku wanacheka. Kuna msichana mmoja alinisubiri juu ya kilima akaniuliza, "Shikamoo, unaumwa?"

Katikati ya kijiji funga khanga juu ya hiyo taiti. Wazee wa Kiislamu na wa Kikristo wote watakutazama vizuri, nawe utakuwa huru. Ukikuta mtu mzima simama, shikamoo, ndipo uulize njia. Msitu wa Magamba usiingie peke yako: ni hifadhi, kuna kiingilio, na vijia vinafanana. Chukua mwenyeji wa kukuongoza, umwambie mapema kwamba utakimbia. Wa kwangu alikuja na mabuti ya mvua na bado alinishinda. Kima aina ya mbega utawaona juu ya miti.

Mwezi wa saba ni baridi kweli. Beba koti jepesi na soksi za akiba.

Bonge wa Pugu

Mazoezi: njoo Pugu na Kisarawe Jumamosi asubuhi, vilima vipo, watu wa Dar hawavitaki tu. Ila sikiliza, kila mtu anajiandaa kupanda. Kinachoumiza ni kuteremka. Misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki huku inavutwa, na hiyo ndiyo inayokufanya kesho yake ushuke ngazi kinyumenyume. Kwenye hizo ngazi zako za mwendokasi, panda kwa kutembea, shuka kwa kukimbia taratibu, hatua fupi fupi. Anza na mara nane, ongeza kila wiki.

Kata kucha za miguuni kabla ya safari. Mimi sikukata, nikapoteza mbili. Na udongo mwekundu wa huko ukilowa umande ni sabuni. Nilianguka mbele ya fuso la kabeji, utingo akapiga makofi.

Mbio za Mbagala

Nimecheka peke yangu ofisini. Basi mpango nimeugeuza: siku ya kwanza Irente, ya pili Soni hadi Vuga, ya tatu gari hadi Mtae nilale, nikimbie jioni. Mlalo nitautembelea kwa miguu safari nyingine, nikiwa na mama yangu. Kilomita nimefuta. Mzee wa Lapu, hilo shamba linafungua saa ngapi?

Mzee wa Lapu

Wewe kimbia polepole, utakuta wameshafungua.

Kwetu Soni

Ukishuka kutoka Vuga ukafika Soni na miguu imekataa, kaa pale stendi. Kina mama wanauza mapeasi kwenye mabeseni. Kama msimu hauko sawa, mahindi ya kuchoma hayakosi. Omba ya pembeni mwa jiko, hayo ndiyo yaliyoiva.