Naomba ushauri: wasomaji wamegawanyika kuhusu Sindarela wangu wa Kibirizi

Wakuu habari za jioni, nipo Kigoma mjini hapa. Naandika riwaya naituma kidogo kidogo kwenye grupu la WhatsApp, ni hadithi ya Sindarela ila nimeileta kwetu, binti anaanika dagaa Kibirizi, mama wa kambo anamnyanyasa, na badala ya dansi la ikulu kuna harusi ya kitajiri Ujiji.

Sasa balaa limeanzia kwenye kiatu. Wengi wanaijua ile ya Perrault wa Ufaransa ya 1697, boga na kiatu cha kioo, mimi nikafuata ya ndugu wawili Grimm wa Ujerumani ya 1812, ambapo dada mmoja wa kambo anajikata kidole cha mguu na mwingine kisigino ili kiatu kiingie, mpaka njiwa wanamshtua mwana wa mfalme kwamba damu inavuja. Grupu likawaka! Akina mama wanasema wanawasomea watoto (mbona ngano za fisi watu wanaliwa na hawalalamiki?), vijana wanataka damu iongezwe. Hao nawamudu.

Anayeninyima usingizi ni dada mmoja kauliza kwa nini binti wa Kigoma aokolewe na mwanaume mwenye kiatu wakati dagaa anazo, si afungue biashara yake. Ana pointi aisee, ila nikimtoa bwana harusi bado ni Sindarela kweli?

Mnaoandika, mwisho mnabadilisha kwa maoni ya wasomaji au mnakomaa nao? Sura ya mwisho wanaidai Ijumaa.