Nimeitwa kujieleza kuhusu shule ya binti yangu, niende na nini?

Mama Pili, Ujiji: Wazazi wenzangu, shikamooni wakubwa. Binti yangu kapangiwa kidato cha kwanza mbali, na ana pumu. Niliandika barua kuomba abadilishiwe. Jana nimepigiwa simu, Alhamisi saa tatu nifike halmashauri nijieleze. Mimi muuza dagaa, maneno ya ofisini siyawezi. Aliyepitia anisaidie.

Mgebuka: Usiogope dada. Mimi nilikaa kwenye benchi la korido kuanzia saa mbili mpaka saa sita, bahasha ya kaki imelowa jasho mkononi. Ndani walikuwa watatu, wa katikati hainui macho kwenye faili. Nikaanza kulia umbali, akanikata: "Mzee, wote mnakaa mbali." Nikanyamaza, nikamsogezea daftari la kliniki la mtoto. Akalifunua ukurasa kwa ukurasa, mihuri inafuatana. Ndipo akauliza, "Anaitwa nani huyu?"

Baba Nasra, Kasulu: Na mkuu wa shule unayoitaka aandike kwamba nafasi ipo. Bila hiyo utarudishwa tu, hata ulie machozi ya damu. Barua yako ipitie pia kwa mkuu wa alikopangiwa.

Mama Pili, Ujiji: Asanteni. Daftari ninalo, ila panya wamelitafuna pembeni.

Mgebuka: Tarehe zinasomeka? Lipeleke hivyo hivyo. Ila toa kopi, lile lenyewe usiwaachie. Langu mpaka leo sijarudishiwa.