Jeli za vikombe: zizuiwe, au onyo linatosha?

Naanza mimi. Vile vikombe vidogo vya jeli, mtoto anabandua kifuniko, anainua kichwa na kuifyonza yote kwa mkupuo, visiuzwe kabisa. Sisemi jeli zote. Ya jelatini huyeyuka kwa joto la mwili. Iliyogandishwa kwa konjaki, unga wa kiazi fulani cha Asia, haiyeyuki mdomoni. Inateleza hadi kooni, inajibana kulingana na umbo la koo na kuziba hewa. Umoja wa Ulaya ulizuia konjaki kwenye jeli mwaka 2002, na 2004 ukazuia hata vikombe vya jeli iliyogandishwa kwa viambato vya mwani.

— Mimi napinga. Zabibu zinapalia watoto, soseji zinapalia, karanga ndiyo usiseme. Japani wazee hupaliwa na mochi, ule mkate wa mchele unaonata, kila mwaka mpya, na hakuna aliyeipiga marufuku. Tuanze kufungia matunda? Mzazi yuko wapi?

— Zabibu naipasua vipande vinne kwa urefu, hatari imepungua. Na zabibu haikubuniwa na mtu. Jeli hii kuna aliyekaa akachagua ugumu wake, ukubwa wake, na kikombe cha kufyonzwa. Halafu hilo la onyo: hukohuko Japani, 2008, alifariki mtoto ambaye hata miaka miwili hajatimiza. Onyo lilikuwa kwenye pakiti. Wazazi walipodai fidia, mwaka 2010 mahakama ikawakatalia, ikisema onyo lilijitosheleza. Kwa hiyo lile onyo lilimkinga nani?

— Naingilia kati. Australia hawakufungia kila kikombe. Walizuia vyenye konjaki ambavyo urefu au upana wake hauzidi milimita 45. Kikiwa kikubwa, huwezi kukimimina chote mdomoni, utatafuta kijiko. Hilo naona lina akili kuliko marufuku ya jumla. (Ingawa mwanangu angejaribu tu.)

— Sawa, kwenye onyo umenishika, sikujua habari ya mahakama. Ila hizo milimita nani atazipima, wakati mzigo wenyewe unaagizwa kwa simu na kuletwa mlangoni? Muuzaji yuko nchi nyingine, na maandishi ya kwenye pakiti hatuwezi hata kuyasoma.